Boila Isiyo na Inchi

Mume wangu alifundisha uchoraji wa kiufundi katika shule za huku mlimani tangu ujana wake mpaka alipostaafu, na kila mwaka alichora injini ya mvuke ubaoni. Alichora silinda, pistoni, mkono wa kusukuma na gurudumu zito. Mvuke aliupaka kwa chaki nyekundu na maji kwa buluu. Wanafunzi wake wengine, ambao sasa wana mvi, wameniambia kwamba wanaweza kuichora hata leo wakiwa wamefumba macho. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona ikizunguka. Mwalimu wao pia hakuwahi.

Alipostaafu tukahamia shambani kwetu, karibu na Wamagana, akaniambia kwamba ataunda moja. Ndogo, ya kukaa juu ya meza, lakini ya kweli: maji yachemke, mvuke usukume, gurudumu lizunguke. Mimi nilikuwa nimekusanya habari za wilaya hizi kwa ajili ya redio kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, kazi ambayo humwachia mtu tabia ya kuuliza swali moja mara mbili. Nilimuuliza kama ni hatari. Akasema ni kitu cha kuchezea. Nikamuuliza tena baada ya chakula, akasema inategemea boila, kile chombo cha kuchemshia maji.

Kwanza ilikuwa michoro. Kila jioni alivaa miwani na kuperuzi kwenye simu yake, na michoro ilikuwa mingi ajabu. Kuna wazee ulimwenguni, katika nchi za baridi, ambao hawafanyi lolote zaidi ya kuunda injini hizi kwenye vibanda nyuma ya nyumba zao. Shida ni kwamba karibu yote ilikuwa imepimwa kwa inchi, na mume wangu hakuwa na uhusiano mzuri na inchi. Alikuwa amefundisha milimita maisha yake yote.

"Mtu anakwambia tano katika thelathini na mbili," alisema. "Hicho ni kipimo au ni matokeo ya kura?"

Nikamwambia si azidishe tu, apate milimita. Akaniambia ukizidisha unapata tatu nukta tisa na kitu. Mkereza vyuma ataona ni nne, wa pili naye atasema nne, na mwisho pistoni inakataa kuingia kwenye silinda.

"Kosa dogo halikai peke yake, Mama. Linaoa."

Alitafuta mpaka majirani wakajua. Tukiwa kanisani watu walimuuliza kama amepata, kama mtu aliyepotelewa na ng'ombe. Hatimaye akampata mzee mmoja wa Uholanzi aliyekuwa ameichora upya injini ya zamani, kila sehemu kwa milimita, na ambaye aliuza pia seti ya vipande vya chuma kilichomiminwa, tayari kukerezwa. Tulikwenda kuchapisha michoro mjini Nyeri. Msichana wa kompyuta alipotupa karatasi, mume wangu alitoa rula mfukoni, akapima mstari ulioandikwa mia, akakuta ni tisini na saba. Mashine ilikuwa imeibana picha ili iingie kwenye karatasi. Akamrudishia.

"Lakini si inaonekana vizuri, Mwalimu?" msichana akauliza.

"Inaonekana," akamjibu. "Hiyo ndiyo shida yake."

Seti ilifika posta ikiwa ndani ya sanduku dogo zito ajabu. Ndani kulikuwa na silinda, gurudumu, geji ya kupimia shinikizo, ndogo kama saa ya mkononi, na valvu ya usalama ya shaba ya manjano iliyofungwa peke yake katika karatasi laini. Kazi ya valvu hiyo ni moja. Mvuke ukizidi kiasi, inajifungua yenyewe na kuuachia hewani. Boila haikuwamo. Mzee wa Uholanzi alieleza kwamba hauzi boila. Mnunuzi aundiwe kwao na mtu anayejua, kwa kipimo cha mchoro, na kabla ya moto wa kwanza ijazwe maji baridi na kusukumwa hadi mara mbili ya shinikizo la kazi, mbele ya mkaguzi. Mume wangu alinisomea maneno hayo kwa sauti, akasema huyo ni mtu makini.

Mkaguzi tulimtafuta. Katika ofisi moja mjini walituelekeza kwa wanaokagua boila za viwanda vya majani chai, na huko bwana mmoja mwenye adabu akauliza boila yetu ina ukubwa gani. Mume wangu akamwonyesha kwa mikono miwili, kama mtu anayeonyesha mkate. Yule bwana akajitahidi asicheke. Akasema wao hukagua ile ambayo mtu anaweza kusimama ndani yake.

Basi tukaanza kutafuta shaba. Nanyuki, mwishowe, tulipata bomba la shaba nyekundu la kipimo cha mchoro hasa, lililotoka kwenye mtambo wa zamani wa kuchemsha maji wa hoteli iliyobomolewa. Kutus, kwa mtu anayetengeneza mashine za kukoboa mpunga, tulipata bamba la kufungia ncha zake. Boliti na nati zilikuwa za milimita kila duka, lakini bomba na kila kinachoungwa kwenye bomba kilikuwa cha inchi. Kabla ya hapo kijana mmoja wa duka la vyuma Karatina, alipoulizwa bomba la milimita themanini, alimtazama mume wangu kwa huruma.

"Mwalimu, hapa tuko na ya inchi tatu, tuko na ya inchi nne. Hiyo ya katikati, labda uitishe kwa Mungu."

Kisha akaja naibu chifu. Alikuja kwa miguu asubuhi moja yenye ukungu, akakataa chai, na hiyo ilitosha kunijulisha kwamba amekuja kikazi.

"Mwalimu, watu wamesema uko na bomba ya shaba na mtungi."

"Niko nazo."

"Na ni ya nini?"

"Ya mvuke."

"Mvuke ya nini sasa?"

"Ya maji."

"Maji pekee? Hata sukari guru kidogo haiko?"

Mume wangu alimpeleka bandani, akamfungulia kila kitu. Naibu chifu alinusa lile bomba kwa muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu, akaonekana amevunjika moyo kidogo, kisha akaja kunywa chai. Kwa wiki kadhaa watu walituuliza kama ile chang'aa ya Mwalimu, pombe ya magendo, imeiva.

Kuunganisha shaba nyekundu ili istahimili mvuke si kazi ya risasi ya kawaida ya kulehemu. Inahitaji vijiti vya lehemu ya fedha na moto mkali, na huku kwetu vitu hivyo anavyo mtu mmoja tu, fundi wa friji. Wetu alikuwa mtu wa magharibi mwa nchi, mpole, mnene, aliyekuja Nyeri kikazi akaoa huku akabaki. Mume wangu alimpelekea bomba, mabamba na soketi ndogo ya shaba aliyokerezewa, yenye meno ya skrubu ya milimita, ile ambayo valvu ya usalama ingefungwa ndani yake. Alimwachia na mchoro. Tulipoirudia, boila ilikuwa imekamilika, imesuguliwa na kung'aa. Mume wangu aliipima kwa vania yake, kipimio cha taya mbili, pale pale barazani, urefu, kipenyo, unene, na kila alipopima aliitikia kwa kichwa kwa furaha. Aliyapima yote yaliyopimika kwa nje.

Alipofika nyumbani akajaribu kufunga valvu. Iliingia kwa vidole mizunguko michache, ikakaza. Akachukua spana, ikasogea kidogo, ikalia, ikasimama. Akaitoa. Akafungua droo, akatoa tepu nyeupe.

Lazima nieleze habari ya tepu hiyo, kwa sababu huku kwetu ni kama imani. Mabomba yetu ya maji yametoka kila mahali. Mengine yaliletwa na mradi wa kanisa, mengine ni ya mkoloni, mengine yamenunuliwa juzi. Hakuna linalolingana na lenzake, lakini maji yanafika. Yanafika kwa sababu kila fundi ana kigurudumu cha tepu mfukoni, na pale meno ya skrubu yanapokataana, anazungusha tepu mpaka yanapatana. Tangi likiwa juu ya nyumba, maji yanashuka kwa uzito wake tu, na tepu inatosha. Nimeishi katika nyumba zenye tepu maisha yangu yote. Sijui nyumba isiyo nayo.

Kwa hiyo sikushtuka kumwona akizungusha tepu. Nilichoona ni kwamba hakuwa ameitumia mahali pengine popote. Katika injini nzima kila kipande kilikuwa kimekaa chenyewe, kama mchoro unavyosema. Mchoro ulikuwa umelala mezani, na mahali pa valvu palichorwa pete ndogo ya shaba, basi.

"Mbona hapa unaweka tepu?" nikamuuliza.

"Ni mpya. Meno bado ni makali."

Akaikaza kwa spana mpaka mishipa ya shingo ikatokeza. Nikauliza tena wakati wa kulala, akasema: "Mama, boila hiyo nimeipima mwenyewe. Ina milimita kila mahali."

Jaribio la maji baridi alilifanya kwa pampu ya kunyunyizia dawa ya kahawa. Aliunganisha mpira wake na boila, akapiga pampu, mimi nikisoma geji. Mshale ulipanda mpaka kidogo juu ya shinikizo la kazi, kisha pampu ikashindwa. Haikufika mara mbili. Haikukaribia. Alingoja, mshale haukushuka, hakuna tone lililotoka, akasema imepita. Nilitaka kusema neno, lakini alikuwa anapangusa boila kwa kitambaa jinsi mtu anavyompangusa mtoto aliyetoka kuoga.

Kuna habari moja ambayo niliwahi kuifuatilia nikiwa kazini, ya tangi la maji moto lililopasuka katika jiko la hoteli moja ndogo. Nilifika asubuhi yake. Kifuniko kilikuwa kimepita kwenye dari na mabati, kikaacha tundu la mviringo safi, na kupitia tundu lile niliona mlima. Tangi lenyewe halikuwa kubwa. Waliokuwapo waliniambia kwamba lilianza kwa kulia, sauti nyembamba, na mpishi akainama kuangalia ni nini kinacholia. Habari ilipotangazwa, sehemu hiyo ya kuinama iliondolewa kwa sababu ya muda. Mimi haijanitoka.

Na mume wangu alikuwa mwalimu wa kuinamisha watu. Hakuwahi kuwafundisha wanafunzi wakiwa wamekaa. Alikuwa na meza moja kubwa katikati ya karakana, na kitu chochote cha kuonyeshwa kiliwekwa hapo, na darasa zima likaizunguka, kichwa kwa kichwa. Aliyebaki nyuma aliitwa mbele. Alikuwa akiwaambia kwamba anayeiogopa mashine atakuwa mtumwa wake.

Wanafunzi wake wa zamani walipanga kuja kumshukuru mwezi wa Agosti. Ni desturi nzuri iliyoingia huku siku hizi. Mwalimu akistaafu, wale aliowafundisha wanachangishana kupitia simu, wanamletea blanketi, mbuzi na kiti cha kupumzikia, wanaomba, wanakula, wanamdhihaki kidogo. Ratiba walimtumia. Palikuwa na sala, hotuba, chakula, na mwisho, kwa ombi lao wenyewe, injini. Walitaka kuiona ikizunguka. Yeye alitaka zaidi yao. Wiki hiyo alirudisha meza yake kubwa katikati ya banda na kuondoa viti vyote.

Siku yenyewe iliamka na ule ukungu wa Agosti usioamua kuwa mvua. Mlima haukuonekana, wala miti ya jirani. Mapema nilikwenda mjini Nyeri kuchukua nyama ya ziada, kwa kuwa idadi ya wageni ilikuwa ikiongezeka kila nilipotazama simu. Buchani nikakuta mlango wa friji kubwa umefunguliwa na mtu amelala chini yake, miguu nje. Nilimtambua kwa viatu. Ni yule fundi wetu.

Nilimsalimu, akajibu kutoka huko chini. Nikamwambia leo ndiyo siku, Mwalimu anawasha ile mashine. Akafurahi kwa kweli. Akatoka, akajifuta mikono, akauliza kama ile boila imeshika maji. Nikamwambia imeshika. Kisha, kwa sababu ya ile tabia yangu, nikamuuliza jambo ambalo sikuwa nimelipanga: kama ile soketi ya valvu haikumsumbua kuunga.

"Hiyo? Hiyo ilinisumbua, mama. Nilizidisha moto, ikayeyuka upande. Ikakuwa kama ulimi. Lakini nikaweka ingine yangu."

"Yako ya wapi?"

"Ya friji. Niko na mkebe mzima. Ni shaba safi, hata ni nzito kuliko ile yake."

"Ya milimita ngapi?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa ng'ombe ana mabawa mangapi.

"Mama, friji haina milimita. Friji yote ni inchi. Hata ile inatoka China, ni inchi."

Nikauliza kama alimwambia Mwalimu. Akasema alitaka kumwambia, lakini Mwalimu alivyokuwa anapimapima huku anafurahi, akaona haina haja, kwa sababu kitu kilikuwa kimetoshana na ile iliyoyeyuka. Karibu kimetoshana. Kama kinacheza, si ataweka tepu? Alisema hivyo bila ubaya wowote, na mwenye bucha akaitikia kwa kichwa, kwa kuwa hivyo ndivyo kila mtu angefanya.

Nilitoka nje nikapiga simu. Ikaita mpaka ikakatika. Nilijua iko wapi. Akiwa na kazi bandani huiacha chumbani ikichajiwa, na siku hiyo nyumba nzima ilikuwa uani kwenye sufuria. Nikampigia shemeji yangu, anayesimamia mapishi, naye hakushika. Nikaacha nyama kaunta, nikapanda bodaboda ya kwanza niliyoiona. Yule kijana aliniuliza kama kuna mgonjwa. Nikamwambia bado.

Njiani nilijaribu kupanga mambo kama nilivyozoea kuyapanga kabla ya kwenda hewani. Ratiba ilisema injini ni mwisho, baada ya chakula. Bado ni asubuhi. Kwa hiyo wakati upo. Lakini nilimjua pia mume wangu, na niliwajua wanafunzi wake. Kama wamefika mapema, na kama mmoja amesema neno, basi hakuna ratiba.

Magari yalikuwa yamejaa langoni. Uani palikuwa na sufuria na akina mama peke yao. Shemeji aliniambia, akigeuza mbuzi wake kwenye moto, kwamba wageni wote wako kwa banda, Mwalimu amesema chakula kitangoja.

Mlango wa banda ulikuwa umejaa migongo. Makoti mazuri, vitambaa vya kichwa, mikono ikiwa nyuma kama ya watoto wa shule. Niliposukuma kupita niliona vichwa vimeizunguka meza, vimeinama, na katikati yao mume wangu, na mbele yake boila ikiwa juu ya moto wa spiriti. Alikuwa anasoma geji kwa sauti. Mvuke ulikuwa haujafunguliwa kwenda kwenye injini. Mmoja wao, mwanamke ambaye sasa ni muuguzi mkuu mahali fulani, alikuwa amesogeza uso mpaka ungeweza kudhani anainusa.

"Mwalimu, inalia," alisema yule muuguzi. "Inalia kidogo, hapa."

"Inaamka," akasema mume wangu. Wakacheka.

Nami nikaisikia. Ilikuwa sauti nyembamba sana. Haikutoka juu ya valvu, mahali ambapo ingepaswa kujifungulia. Ilitoka chini yake, pale inapoingia kwenye boila, na pale pale ukingo wa tepu ulikuwa umetokeza, ukitetemeka.

Sikupaza sauti. Nilimshika kiwiko, nikamwambia kwa Kikuyu, ili lisiwe neno la wageni wote: "Soketi si ile yako. Iliyeyuka. Ameweka ya friji."

Hakuniuliza nimeyatoa wapi. Uso wake haukubadilika. Alitazama valvu, kisha tepu, na niliona macho yake yakifanya hesabu ambayo hakuifanya alipokuwa na spana mkononi. Hakuuliza hata kama ni ya inchi. Alijua friji ni za kipimo gani.

"Tokeni nje," alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ile ile ya kusomea geji. "Wote. Walio mlangoni kwanza. Msikimbie."

Mmoja akatania, akauliza kama ni mtihani. Mume wangu akamwonyesha mlango. Wakatoka. Watu waliowahi kuwa wanafunzi wa mtu hubaki hivyo. Hakuna aliyeuliza sababu mpaka walipofika nyuma ya tangi la maji, la saruji, ambako aliwaonyesha kwa kidole wakae.

Yeye alibaki, nami nikasimama mlangoni. Mvuke uliokuwa ndani ulihitaji mahali pa kwenda, na njia pekee iliyokuwapo ilikuwa kupitia injini aliyoiunda. Alinyoosha mkono. Ili kufikia koki ya kuufungulia, mkono ulipaswa kupita juu ya ile valvu. Alijikunja upande, uso ameugeuzia ukutani, mkono peke yake ukienda mbele kama wa mtu anayetafuta kitu chini ya kitanda. Niliona gurudumu likitetemeka. Akarudi nyumanyuma hadi mlangoni, akanisukuma mbele yake.

Moto ulikuwa bado unawaka chini. Mhandisi mmoja miongoni mwao alijitokeza kutoka nyuma ya tangi akasema, "Mwalimu, wacha mimi." Mume wangu akamwambia arudi. Akachukua reki ya mpini mrefu, ile ya kugeuzia buni ikianikwa juani, akapiga magoti kando ya mlango, akaingiza mpini ndani, akaikokota ile sahani ya spiriti mpaka ikaanguka kutoka mezani. Miali ilitambaa sakafuni kidogo, buluu, ikazimika yenyewe kwenye udongo. Kisha naye akaja nyuma ya tangi.

Hapo ndipo tulipoisikia injini. Kwanza pumzi moja, kisha nyingine, kisha zikafuatana. Banda lile lina pengo kati ya mbao mbili, na kutoka alipokuwa amesimama, akiinama kidogo kando ya tangi, aliweza kuona gurudumu. Lilikuwa linazunguka vizuri. Lilizunguka bila kutikisika, kwa sauti laini ya kitu kilichopimwa kwa haki, katika banda lisilo na mtu. Wanafunzi wake walisikia tu. Yeye peke yake aliliona, kwa jicho moja, na hakuweza kulisogelea. Wakati wote huo, chini ya pumzi zile, ule mlio mwembamba haukukoma.

Sijui tulingoja muda gani. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka juu ya mabati, na akina mama walikuja kuita watu kula, wakatuona tumejibanza nyuma ya tangi na nguo zetu za sherehe, wakajibanza nasi bila kuambiwa. Pumzi zikapungua. Zikawa moja moja, kama za mgonjwa. Zikaisha. Mlio ukabaki kidogo baada yake, nao ukaisha.

Alisema asifuatwe na mtu. Alingoja zaidi, kisha akaingia peke yake, polepole, akiwa ametanguliza bega. Sote tulitega masikio. Nilijua spana iko wapi, ilining'inia msumarini karibu na dirisha, na siku zote ikitolewa inagonga bati. Sikusikia bati.

Alitoka akiwa ameifumbata valvu kwa kitambaa, kwa kuwa bado ilikuwa ya moto. Akaja mpaka tulipokuwa, akafungua mkono. Yule muuguzi aliinama kutazama, kisha akajirudisha nyuma. Tepu ilikuwa imejikunja kama ngozi iliyobabuka. Chini yake, meno ya shaba yalikuwa yamelala upande mmoja, yamesagika mpaka yakawa laini, na ni kwenye ncha tu palikuwa na mstari mmoja uliong'aa, pale ilipokuwa bado imeshikilia.

"Nimeitoa kwa vidole viwili," alisema. "Haikuhitaji spana."

Mhandisi aliomba aishike, akaigeuzageuza, akamrudishia. Kisha mtu mmoja akakumbuka kwamba sala haijasomwa, na tukasogea uani, polepole, bila mtu kutaka kuwa wa mwisho karibu na lile banda. Wakati wa sala niliwatazama. Watu hufumba macho wakiomba, lakini wengi wao walikuwa wamefumbua, wakitazamana nyuso, zile zilizokuwa zimeinama juu ya ile meza.